Weka Sifuri Kwanza

Kila asubuhi, kabla hajamwambia mtu yeyote afungue mdomo, Daktari Rodah Chelimo hukaa yeye mwenyewe kwenye kiti cha wagonjwa. Mlango huuacha wazi makusudi, ili walioketi kwenye benchi ya ukumbini wamwone. Hukunja mkono wa koti lake jeupe, akajifunga mkanda wa mashine ya presha, akabonyeza kipira mpaka mkanda ukaze, kisha akauachia upepo polepole huku macho yakifuata mshale. Akimaliza hutaja namba kwa sauti, kama karani wa majani ya chai anavyotaja kilo.

"Mia moja thelathini na mbili kwa themanini na nne. Dawa yangu nimemeza nyumbani. Wa kwanza aingie."

Tabia hiyo aliitoa kwenye kituo cha kupimia majani chai. Mkulima wa huku hamwamini mtu aliyeshika mizani. Kabla gunia lake halijaning'inizwa, atasimama mbele ya karani na kusema, "Weka sifuri kwanza," na hataondoa macho mpaka mshale urudi mwanzo. Rodah alikulia kwenye foleni hiyo, gunia mgongoni, nyuma ya mama yake. Alipoanza kuwapima presha watu waliokuja kwa ajili ya meno, alijua watamtazama kwa jicho lile lile wanalomtazamia karani. Akaamua kuanza na gunia lake mwenyewe.

Chumba chake kilikuwa nyuma ya duka la dawa la Magdaline, katika senta ndogo ya maduka kando ya barabara iendayo Kapkatet. Magdaline alikuwa mwanamke mrefu, mwepesi wa hesabu. Wazazi wake walihamia huku kutoka Nyeri wakiwa vijana, yeye akazaliwa hapa hapa, na Kikipsigis chake kilikuwa kizuri kuliko cha watoto wa Rodah. Jengo lilikuwa lake, duka lake, kiti cha meno chake. Mashine ya presha peke yake ndiyo iliyokuwa ya Rodah.

"Daktari," Magdaline alizoea kumwambia, "mtu amekuja na jino, wewe unamshika mkono. Mimi nikienda kwa fundi wa viatu sitaki anipime kofia."

Rodah hakuwa mtu wa kelele. Alikuwa mfupi, mwenye mikono mipana kama ya mwanamume, na akikasirika alizidi kunyamaza. Lakini jambo hili lilimtoa sauti. Mwaka uliotangulia, madaktari wa meno wa maeneo hayo walikutana katika hoteli moja mjini Kericho. Daktari Nyabuto, aliyekuwa akiongoza kikao, aliuliza ni wangapi walio tayari kuwapima presha wagonjwa wao. Mikono yote iliinuka. Akauliza tena, ni wangapi waliompima hata mmoja wiki iliyopita. Mikono ikaanguka kama majani yaliyopigwa na mvua ya mawe. Ukabaki wa Rodah.

"Umekuwa nesi siku hizi?" jirani yake alimtania. "Waachie manesi mkono, wewe shika taya."

Watu walicheka. Mmoja akasema wagonjwa watakimbia. Mwingine akasema hana nafasi, foleni ni ndefu. Wa tatu akauliza, akimkuta mtu presha iko juu, ampeleke wapi? Rodah hakuushusha mkono wake mpaka Nyabuto alipomwambia asimame aseme.

"Presha haiumi," alisema. "Mwanamume wa kwetu haendi hospitali kwa kitu kisichouma. Jino linauma. Jino ndilo linalomtoa shambani na kumleta mbele yangu. Nikimwacha aende bila kumpima, ajaye kumpima baada yangu ni nani?"

Wakaitwa kunywa chai.

Basi aliendelea kupima, na Magdaline akaendelea kununa, mpaka alipokuja Mzee Kimeli.

Kimeli alikuwa mwenyekiti wa kamati ya kituo cha majani, mtu ambaye makarani wawili walikuwa wameomba uhamisho kwa sababu yake. Aliingia akiwa amejishika shavu la kulia, viatu vya mpira vikiwa bado na udongo mwekundu.

"Ni hili la nyuma kabisa," alisema. "Ng'oa haraka niende, majani yanachumwa leo."

"Kaa, mzee. Lete mkono."

"Jino liko mdomoni."

"Najua liliko. Lete mkono."

Benchi ilicheka. Kimeli akatoa mkono kama mtu anayetoa kitambulisho kwa polisi. Rodah alifunga mkanda, akatia mipira ya kusikilizia masikioni, akapima. Mshale ulianza kucheza mapema mno. Mia moja tisini na sita kwa mia moja na kumi na nne.

"Rudia," Kimeli alisema alipoambiwa. "Hukuweka sifuri."

Rodah hakubisha. Alimwacha apumzike kwanza, akatoa upepo wote, akamwonyesha mshale umelala kwenye sifuri, akahamia mkono wa pili. Namba ikarudi karibu ile ile.

"Mashine yako inakula kama mizani ya yule karani wetu wa zamani."

"Ya karani ilikuwa inapunguza, mzee. Hii unasema inaongeza. Chagua lawama moja."

Kutoka kwenye benchi, Kogo Chepngeno alidakia. Alikuwa bibi, kama neno kogo linavyosema kwa Kikipsigis, wa miaka themanini na zaidi, mwenye pengo mbele ya taya la chini, mahali ambapo wasichana wa zamani waling'olewa meno mawili kama desturi ilivyotaka. Siku hizo alikuwa haachi kuja, leo jino hili, kesho lile, na watu walisema anapenda benchi kuliko matibabu.

"Kimeli," alisema, "mimi haya mawili waliyatoa kwa chuma, sikupepesa jicho, na jioni nilikamua ng'ombe. Wewe unagombana na kitambaa."

"Kogo, sijasema ninaogopa."

"Basi tulia."

Rodah aliinama ili aseme na Kimeli peke yake. Akamweleza kwamba presha ikiwa juu kiasi hicho, jeraha la jino linaweza kutoka damu isikubali kusimama, na maumivu na hofu ya kung'olewa vinaweza kuisukuma juu zaidi, mshipa wa kichwa ukapasuka akiwa pale pale kwenye kiti. Leo angelisafisha lile tundu la jino na kuliziba kwa dawa ya kutuliza. Angempa vidonge vya maumivu visivyopandisha presha. Kung'oa kungengoja mpaka aende hospitali ya Kapkatet, leo hii, aanzishiwe dawa.

"Kwa hiyo hung'oi."

"Leo sing'oi."

"Hata nikikuambia mimi ndiye mwenye jino?"

"Hata ukiniambia. Mimi ndiye mwenye koleo."

Alizibwa tundu, akaondoka bila kuaga. Hakwenda Kapkatet. Alipita dukani kwa Magdaline na kumwambia mbele ya wateja kwamba huko nyuma kuna daktari wa mikono, na kwamba siku ya soko kuna mtu mwenye koleo ambaye haulizi maswali. Maneno ya mwenyekiti wa kituo cha majani husafiri haraka kuliko lori la majani. Wiki hiyo benchi ilipungua.

Magdaline alimfuata Rodah chumbani wakati wa chakula cha mchana, akakuta anakula ugali na mboga ya kienyeji juu ya meza ya vyombo vilivyokwisha kuchemshwa.

"Kimeli akirudi, mng'oe."

"Presha ikishuka."

"Daktari, nisikilize. Mwisho wa mwezi ukifika na watu bado wanakimbia, nitatafuta daktari anayeng'oa. Wako wengi. Sitaki ugomvi na wewe."

"Hatugombani," Rodah alisema. "Unaniambia nichague, na mimi nimechagua." Akaendelea kula.

Zikapita siku chache. Kimeli akarudi, na alirudi akitabasamu, jambo ambalo lilimtia Rodah wasiwasi tangu mlangoni. Aliketi mwenyewe, akakunja shati mwenyewe, akanyoosha mkono.

"Weka sifuri," alisema kwa furaha.

Tisini na mbili kwa hamsini na sita.

"Amepita!" mtu mmoja alipaza sauti kwenye benchi, na wengine wakapiga makofi kama wazazi siku ya matokeo ya shule. Rodah hakupiga makofi. Midomo ya Kimeli ilikuwa imepauka, na paji la uso lilikuwa na jasho ingawa asubuhi ilikuwa na ukungu na baridi.

"Ulikwenda Kapkatet?"

"Nimepita, sijapita?"

"Umemeza nini leo?"

"Chai."

"Na nini tena?"

"Mama, wewe ulitaka ishuke, imeshuka. Chukua koleo." Akasimama ili amwonyeshe jinsi alivyo mzima, na magoti yakamkunjika kama gunia tupu.

Rodah alimdaka kwapani, akamrudisha kwenye kiti, akalaza kiti chote mpaka miguu ya Kimeli ikawa juu kuliko kichwa. Akamfungua kola. Mapigo yalikuwa hafifu, ya mbio mbio. Akageukia benchi.

"Huyu amepewa dawa. Nani amempa?"

Kogo Chepngeno aliukumbatia mkoba wake.

"Nilimpa mbili," alisema. "Akasema yeye ni mtu mkubwa, mbili ni za bibi. Nikamwongeza."

"Ngapi?"

"Zilizokuwa zimebaki."

"Kogo. Na hao wengine?"

Bibi alitazama benchi, na watu wa benchi wakatazama viatu vyao. Hapo ndipo Rodah alipoelewa kwa nini Kogo alikuwa haachi kuja. Habari zilikuwa zimeenea kwamba kwa daktari wa meno kuna mtihani wa mkono, na kwamba ukianguka hung'olewi. Kogo alikuwa na tembe za presha kutoka kliniki ya hospitali. Alikuwa akizigawa pale ukumbini kama peremende, moja kwa kila aliyeomba, ili majirani wapite. Kwa roho safi kabisa.

"Na wewe mwenyewe unameza nini?" Rodah aliuliza.

"Mimi nilishapita zamani," Kogo akajibu.

Hakukuwa na nafasi ya kucheka wala kulia. Rodah alipita dukani, akamwambia Magdaline achukue funguo za gari. Magdaline alimtazama Kimeli mara moja tu, akazichukua. Waliendesha mpaka Kapkatet, Magdaline kwenye usukani, Rodah nyuma na kichwa cha Kimeli mapajani, naye Kimeli kila wakipita kwenye tuta alisema, "Polepole, hii ni barabara ya majani, si ya Nakuru."

Walimlaza. Ilipodhihirika kwamba ataishi, Magdaline alizungumza.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Watu wanameza dawa za wenzao kwa sababu ya mashine yako. Angekufa, wangesema amefia dukani kwangu. Inaingia stoo, Daktari. Leo."

Na iliingia. Jioni hiyo Magdaline aliichukua mwenyewe kutoka kwenye meza, akaifungia stoo pamoja na katoni za sabuni na pamba.

Rodah alilala akijua kwamba katika jambo moja Magdaline alisema kweli. Watu walimeza dawa za wenzao kwa sababu yake. Kosa lilikuwa la namna alivyowaambia. Aliwaambia namba, akawaambia ndiyo au hapana, na kwa watu waliozoea mizani, namba ni kitu cha kupunjwa au kupita. Hilo angeweza kulirekebisha. Lakini kuacha kupima kwa sababu watu wamedanganya kipimo? Nani aliyewahi kutupa mizani kwa sababu mkulima mmoja alilowesha majani maji ili yazidi uzito?

Asubuhi alifika, akafungua mlango, akaketi kwenye kiti, akakunja mkono wa koti. Meza ilikuwa tupu. Watu wanne walikuwa kwenye benchi wakimtazama. Akainuka, akapita katikati ya duka, akaingia nyuma ya kaunta ambako hakuna mtu aliyeruhusiwa, akachukua ufunguo msumarini, akafungua stoo.

"Daktari, hiyo inabaki humo," Magdaline alisema. Alikuwa akimhudumia mteja wa dawa ya kikohozi.

"Ni yangu."

"Na chumba ni changu."

"Basi kaa na chumba. Mkono wa mtu nitaupima hata nje."

Wala hakurudi kwenye kile kiti. Aliketi kwenye benchi, katikati ya wagonjwa, akamwomba mwanamke mmoja asogee, akajifunga mkanda pale pale. Akataja namba. Siku hiyo ilikuwa juu kuliko siku zote, mia moja hamsini na moja kwa tisini na tatu, naye akaitaja hivyo hivyo, kwa sauti ile ile.

"Iko juu, Daktari," mwanamke aliyesogea alisema.

"Iko juu. Nimekasirika, na usiku sikulala vizuri. Nitaipima tena saa nne. Na jambo moja mlijue nyote: hapa hakuna kupita wala kuanguka. Aliye juu sitamfukuza, maumivu yake nitayatuliza leo leo. Lakini atakayekuja na dawa ya jirani tumboni, nitamjua, na nitampeleka Kapkatet mimi mwenyewe. Kogo, mkoba huo ufunguliwe."

Kogo alifungua mkoba. Ulikuwa na kitambaa, kipande cha sabuni na miwa miwili iliyokatwa.

"Tembe zimekwisha," bibi akasema kwa majuto. "Zote ziko kwa Kimeli."

Magdaline alisikia yote hayo kutoka kaunta. Hakuja kuinyang'anya mashine tena, lakini alipofunga duka alisema neno moja tu alipopita mlangoni: "Mwisho wa mwezi." Rodah akaanza kuleta maboksi matupu kutoka nyumbani, moja moja, akayapanga chini ya dirisha. Vitabu vyake akavitia kwenye la kwanza. Kila asubuhi aliketi, akajipima, akataja namba. Siku nyingine benchi ilikuwa na watu wawili. Siku moja ilikuwa na Kogo peke yake, ambaye hakuwa na jino linalouma na alikiri hivyo. Rodah alimpima bibi huyo, akamwandikia arudi kliniki achukue tembe nyingine, na kuanzia hapo akamtaka azimeze mbele yake.

Mwezi ulikuwa umebakiza siku chache wakati mlango wa duka ulipojaa ghafla. Kimeli alikuwa mbele. Alikuwa amekonda usoni, na shati lake lilikuwa limepigwa pasi. Nyuma yake waliingia wanaume watano wa kamati ya kituo cha majani, wamevaa makoti ya mvua, wakapita kaunta ya Magdaline bila kununua kitu na kuijaza benchi yote.

"Hao ni nani?" Rodah aliuliza.

"Mashahidi," Kimeli alisema. "Kituoni hatupimi bila mashahidi. Nimelala Kapkatet, nimekula dawa yangu mwenyewe, iliyoandikwa jina langu. Daktari wa huko alisema moyo wangu umebeba magunia ya watu wengine kwa miaka mingi. Leo nataka jino langu. Lakini sitaki mtu aseme nimepita kwa ujanja. Weka sifuri. Anza na wewe."

Rodah akaketi, akajipima, akataja. Kisha Kimeli akageukia wanaume wake.

"Mokaya, nenda."

"Mimi sina jino bovu," Mokaya alisema.

"Nani amekuuliza habari ya jino? Wewe ni shahidi. Shahidi hujua mizani inasomaje."

Wakaingia mmoja mmoja, wakinung'unika, wakicheka, wakiitana majina ya utani. Mmoja alisema kama presha yake ikiwa juu ni ya mke wake, yeye ameibeba tu. Wakati wa Mokaya, mshale ulianza kucheza mapema, na kicheko kikaisha. Wakati wa mtu wa nne pia. Rodah alimpumzisha kila mmoja wao, akampima tena, akamwandikia karatasi ya kwenda Kapkatet. Kimeli alizipokea karatasi zote mbili na kuzitia mfukoni mwa koti lake.

"Nitawapeleka mimi," alisema. "Wakikataa, majani yao yatapimwa ya mwisho."

Yeye mwenyewe alikuwa na mia moja arobaini na nne kwa themanini na nane. Rodah alimpiga sindano ya ganzi, akangoja, akashika koleo. Jino lilitoka zima, na mizizi yake mitatu. Damu ilitoka kidogo, ikasimama. Kimeli aliitisha jino, akalitazama, akalifunga kwenye kitambaa kama mtu anayepeleka ushahidi mahakamani, akaondoka na mashahidi wake bila kuweza kusema lolote kwa sababu ya pamba.

Alasiri mvua ilianza kupiga mabati. Magdaline alifunga duka mapema, akaja mpaka mlango wa chumba, akaegemea fremu. Aliyatazama maboksi yaliyo chini ya dirisha.

"Hayo yarudishe nyumbani," alisema. "Yanajaza chumba."

Rodah alikuwa akifuta kiti. Aliendelea kufuta.

"Nina swali moja tu," Magdaline akasema, "na sitaki hotuba kama ile ya Kericho. Tuseme Kimeli asingerudi. Benchi ikabaki tupu mpaka siku ya mwisho, hata Kogo asije. Ungefanya nini kila asubuhi humu ndani?"

Rodah alitundika kitambaa kwenye mkono wa kiti.

"Ningejipima, nikataja namba, nikakaa kumngoja mtu mwenye jino."